Maoni Niliyoyaandika Mlangoni pa Moli

Admin, nifichie jina na picha, Kigoma hapa tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, nimeachika, nina watoto wawili, naishi Ujiji kwa mama yangu. Hili ninalolieleza sijamwambia hata yeye. Na niseme mapema kwamba sijajuta vya kutosha, ndiyo maana nawaandikia.

Kwa miaka minane nilishona nguo na rafiki yangu, nitamwita Zai. Chumba kimoja, cherehani mbili, chakula sahani moja. Siku alipopata mtu wa kumfungulia duka lake, hakutaka kuondoka peke yake, alitaka aondoke na wateja. Akaanza kunong'ona kwamba vipande vinavyobaki kwenye vitambaa vya watu navipeleka kwa mganga. Mji wetu mnaujua. Haukupita mwezi, watu wakaja kuchukua vitambaa ambavyo hata sijavigusa kwa mkasi, tena wengine walituma ndugu zao ili wasinitazame usoni. Mama yangu alienda kwenye maulidi, mwanamke aliyekaa naye akahamisha mkeka. Alirudi akalala bila kula, na sababu hakunieleza mpaka wiki ilipopita. Nilimfuata Zai. Alikuwa anapiga pasi, hata hakuiweka chini.

"Mimi sijamtaja mtu," alisema. "Kama wateja wamekukimbia, jiulize mwenyewe."

Cherehani niliiuza.

Mwaka huu ikafunguliwa ile moli mpya, jengo la maduka ya nguo na viatu vya punguzo kutoka viwandani. Nikapata kazi ya kukaa mlango wa kutokea na daftari, nauliza watu wameonaje, naandika, na kila Jumatatu nampelekea meneja. Yeye ni mgeni, ameletwa kutoka mkoa mwingine, kwa hiyo anategemea daftari langu. Kazi niliipenda jamani. Mzee mmoja wa Kalinzi aliniambia baridi ya humo ndani ni kama ya kwao asubuhi, ila kwao haiji na muziki. Nesi aliyehamishiwa huku alifurahi kwamba hatangoja tena likizo ndipo anunue viatu vya kazini. Mama muuza dagaa wa Ilagala alilalamika sakafu inateleza, na vyumba vya kujaribia nguo vina mapazia yasiyofunga, mtu unavaa huku umeshika pazia kwa meno. Vijana walitaka saizi zao, wakasema suruali zote zimeletwa kwa ajili ya wanene. Yote niliyaandika kama yalivyosemwa.

Wiki ya pili nikamwona Zai anapandisha masanduku ghorofani. Amepewa nafasi ya kuuza magauni anayoshona mwenyewe, kwa majaribio ya miezi mitatu. Alinipita mlangoni akaniambia, "Za siku nyingi shoga," kama mtu aliyesafiri tu.

Tangu siku hiyo kila aliyetoka akimsifia, niliandika kinyume. Mtu akisema yule dada wa juu anapima vizuri, naandika ana dharau. Akisema magauni yanakaa mwilini, naandika rangi inachuja. Sikuwa na haraka. Kila siku mawili au matatu, kwa mwandiko safi. Nilikuwa narudi nyumbani nimeshiba. Meneja alimwita mara ya kwanza, akamwita mara ya pili, na nikamwona anashuka ngazi ameshika ukuta. Alikuja kuniuliza mimi, kwa kuwa ndiye ninayesikia watu, wanasema nini juu yake.

Nilimwangalia nikamjibu, "Mimi sijamtaja mtu. Jiulize mwenyewe."

Alielewa. Alirudi juu. Nawaambia ukweli, raha niliyoisikia sikuwahi kuisikia hata siku ya ndoa yangu.

Ningeishia hapo nisingewasumbua. Ila Ijumaa iliyopita alitoka mama yake Zai, bibi mmoja wa Kiha ambaye wakati nikiwa mzazi alikuja kunikanda na kunipikia uji, na wakati wa yale maneno ndiye pekee wa upande wao aliyeendelea kuja kwetu. Nilimwamkia. Alinishika mkono, akaketi kwenye benchi langu, akasema na yeye anataka kutoa maoni, ila kuandika hajui, nimwandikie.

"Andika, mwana wanje, mwanangu, kwamba nimeona kazi ya binti yangu nimefurahi," alisema. "Andika hivyohivyo, usipunguze."

Niliinamisha kichwa nikaandika: mishono inafumuka, mteja anadai arudishiwe pesa. Bibi akaniangalia navyoandika, akaona maneno ni mengi, akanishukuru. Akaomba aweke dole gumba chini yake. Nikampa wino.

Tangu Ijumaa sijalala vizuri. Jumatatu meneja anafunga hesabu ya maoni, na ameshanidokeza kwamba Zai ataondolewa, na kwamba kwa vile nilimweleza najua kushona, hiyo nafasi ananipa mimi. Yaani kila nilichonyang'anywa kinarudi kwa mkupuo mmoja. Nikimfikiria Zai namuona na ile pasi yake, nasema atoke, aonje. Nikifungua daftari nakutana na lile dole.

Msiniambie nimsamehe, hilo najua mtalisema na sijalifikia. Maneno ya kweli ya watu nayakumbuka, naweza kuyaandika upya yote, meneja akajua nilimdanganya, nikakosa kazi na nafasi, naye akabaki ghorofani. Au nikabidhi daftari kama lilivyo, niwe na duka, na bibi aendelee kunishukuru. Mliowahi kuumizwa kama mimi, ingekuwa wewe Jumatatu ungepeleka lipi?