Bingwa wa kupe amepatikana

Leo bingwa wa kupe amenyamazishwa na kupe mmoja.

Kwenye pikiniki ya kanisa kule Tonawanda, nje kidogo ya Buffalo, nilichomeka suruali ndani ya soksi ili kupe wasinipande. Mume wangu akanicheka mbele ya kwaya nzima.

"Mimi nimekulia kwenye josho la ng'ombe! Kupe wa Buffalo atanifanya nini?"

Jioni nikataka tukaguane. Akakataa, ati yeye si ng'ombe.

Siku chache baadaye duara jekundu likatokea pajani mwake. Akalipaka dawa ya choa wiki nzima. Likapanuka, homa ikampanda.

Leo daktari ameangalia mara moja tu: ugonjwa wa Lyme, unaoambukizwa na kupe. Vidonge wiki tatu.

Kufika nyumbani, bingwa kavua shati mwenyewe. "Mama Neema, hebu nikague mgongo."

Jamani, ng'ombe wa kwao angalau walikuwa wakiingia joshoni bila kubishana.