Mvuke Juu ya Boksi la Vitenge

Mama mwenye nyumba alifungua boksi la vitenge vya sendoff, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, akakuta viwili havimo. Lawama zikamwangukia dada wa kazi, msichana wa Mvumi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifagia chumba kile. Kesho yake alikuwa apandishwe gari arudishwe kwao.

Mimi na dada yangu tulikuwa tumepanga uani, pale Ihumwa. Dada anafundisha chuoni namna ya kutafuta alama za vidole. Alimwomba mama mwenye nyumba asubiri kidogo. Jasho la kidole, alitueleza, hunywewa na boksi kama udongo unavyokunywa maji. Huwezi kulifuta wala kuliona, lakini ipo dawa inayolifuata humo humo ndani na kuligeuza zambarau.

Alivaa glavu, akakata mfuniko, akaupaka dawa upande wa ndani kwa brashi laini. Ukakauka. Tukasubiri, hakikutokea kitu. Baba mwenye nyumba, mkulima wa zabibu, aliyekwisha kuapa kwamba hajawahi kuligusa boksi lile, eti ni vitu vya wanawake, akacheka.

"Mwalimu, dawa yako imelala."

Dada aliutazama mfuniko, kisha akalamba midomo yake iliyopasuka kwa kiangazi.

"Nilijifunzia Dar," alisema taratibu. "Kule hewa yenyewe ina maji."

Akabandika sufuria. Maji yalipochemka, akaushika mfuniko juu ya mvuke, mkono umetulia kabisa.

Sijaona kitu kizuri namna ile. Zambarau ilichipua kama rangi inavyoingia kwenye zabibu changa, kwanza ukungu, kisha mstari, kisha mistari ikizungukana, mpaka dole gumba zima likalala pale, limekatwa katikati na kovu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kovu lile liliachwa na mkasi wa kupogolea zabibu, na mwenye shamba la zabibu alikuwa ameshatia mkono mfukoni.

"Nilimpelekea mama yangu," alisema baba, sauti imeshuka. "Asije kwenye sherehe ya mjukuu wake na kitenge kilichochakaa."

Mama mwenye nyumba alimgeukia msichana.

"Nisamehe, mwanangu. Kesho huendi popote."

"Nitaenda, mama. Ila sasa naenda kusalimia. Jumapili nitarudi."

Akafungua begi lake mbele yetu, akatoa nusu ya nguo, akazirudisha chumbani kwake.