Uliza Kamba Ililala Wapi

Nakumbuka Alhamisi moja pale Naro Moru, mwanangu, asubuhi ya baridi ya kumfanya ng'ombe agome kutoa maziwa, nikiwa msichana mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ngoja nicheke kwanza. Kila nikiikumbuka siku hiyo hucheka peke yangu, hadi wajukuu wakadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Lakini wewe umeniletea kamba kuukuu ya kupandia mlima, uliyoipata sokoni Nanyuki, ukaniita Cucu kama wajukuu wangu wanavyomwita bibi yao, ukauliza, "Hii bado iko sawa?" Basi keti. Chai ipo.

Wakati huo nilikuwa mpagazi. Nilibeba mizigo ya wageni hadi kambini, kisha nikabaki chini nikiwatazama wakipanda mwamba kwa kamba, na roho ikiniuma. Kaka yangu Ndirangu alikuwa mwongoza wageni, na baada ya kumsumbua sana alikubali kunifunza. Jumamosi ya wiki ile ndiyo ningening'inia mwambani kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa akiomba Mungu nibadilishe nia. Mimi nilikuwa nimeshakitangazia kijiji kizima.

Kamba ilikuwa ya Ndirangu. Unaijua desturi yetu: mgeni akishuka salama huacha kitu cha shukrani, koti, viatu, mara nyingine kamba. Nasi zawadi hatuitupi wala hatuikosoi. Ndirangu aliachiwa kamba ya bluu na mgeni mmoja mrefu, akaipenda kuliko blanketi lake. Miaka ikapita hajaitumia. Aliitoa tu watu wakimtembelea, waipapase na kushangaa, "Wacha!"

Alhamisi hiyo tukampelekea Mzee Kihara aione. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa waongozaji wote pale, mzee mfupi, mtani, na hakuna kamba iliyopanda mlima bila kupita mikononi mwake. Sisi tulienda kutafuta sifa.

Mzee akakalia ndoo, akafumba macho, akaanza kuivuta polepole, akiibonyeza kwa vidole kama mtu anayetafuta mawe kwenye maharagwe. Kila alipofika aliikunja kitanzi kidogo. Kamba isiyo na kasoro, mwanangu, ukiikunja hufanya mviringo mzuri, ni kama inakubishia. Mzee akafika mahali kitanzi kikalala bapa kama soksi. Akafungua jicho moja.

"Ndirangu, hii kamba imekuwa ikilala wapi?"

"Kwangu, Mzee. Mahali pasafi kabisa."

"Wapi kwako?"

Ndirangu akajikuna kichwa. Stima ilikuwa haijafika kwetu, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na televisheni, akiiwasha kwa betri ya gari. Mpira ukichezwa, nyumba yake ilijaa hadi watu wakakalia dirisha. "Ilikuwa chini ya betri," akasema. "Niliizungusha vizuri ikawa kama ngata, nikaweka betri juu. Ati isikwaruze meza ya Mama."

Mzee akacheka akashika mbavu. Kisha akaacha. "Maji ya betri hula kamba polepole, na nje usione kitu. Hii haipandi. Wairimu haning'inii hapa."

Mimi nikapandwa na hasira! Nikamwambia kamba haina hata uzi uliochomoza, na kwamba anataka tu wasichana tubaki kubeba viazi vya wageni. Ndiyo, mzee wa watu nilimwambia hivyo. Ndirangu naye akaongeza, "Mzee, hiyo ni zawadi. Mgeni akirudi nitamwambia nini?"

Mzee hakukasirika. Akaita wapagazi waliokuwa wakiota jua. "Nyinyi shikeni huku, hawa washike kule. Ikistahimili, Jumamosi Wairimu anapanda nayo, na viazi vyake nitabeba mimi."

Watu wakakusanyika. Mama mmoja muuza ndizi akaacha biashara yake aje aone. Tukashika, tukachimbia visigino, Mzee akapaza sauti, "Harambee!" Tukavuta. Hata jasho halijatoka, kamba ikakatika. Wapagazi wakaangukiana. Ndirangu akaenda kinyumenyume akaketi katikati ya dimbwi la ng'ombe na suruali yake mpya. Pale kila mtu alicheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote.

Kisha nikaangalia mkono wangu. Nilikuwa bado nimeshika kipande, na pale kilipokatika nyuzi za ndani zilikuwa zikipukutika. Tulikuwa watu wachache tu, tumesimama chini, na imetukatikia. Jumamosi ingekuwa mimi, na chini yangu hewa tupu. Kicheko kikanikauka. Nikaketi topeni kando ya kaka yangu nikalia, naye akanishika bega. Niliogopa, mwanangu. Hata sasa nikisimulia naogopa.

Mzee Kihara akaja akachutama mbele yetu. "Ndirangu," akasema taratibu, "yule mgeni alikupa kamba kwa upendo. Dada yako akifa kwa kamba hiyo, utakuwa umempa yule mtu mzigo gani?" Ndirangu akainamisha kichwa. Akachukua kisu chake mwenyewe, akaikata kamba yote vipande vifupi.

Jumamosi hiyo nilikaa nyumbani nikimenya viazi, na Mama akaimba nyimbo za kanisa siku nzima kwa furaha. Msimu uliofuata Mzee alinifungia kamba yake mwenyewe kiunoni, nikapanda. Kawia ufike, wahenga walisema, nami nilifika.

Basi sikiliza. Kamba huangaliwa kwa macho, lakini huamuliwa kwa vidole, kutoka ncha hii hadi ile, kila unapotoka na kila unaporudi. Ukikuta imekakamaa, imeota manyoya mengi, imeng'aa kama iliyoungua au kitanzi kimelala bapa, usijipe moyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kule juu huna hata mahali pa kuujengea. Ikichafuka, iogeshe kwenye karai kwa maji baridi na sabuni ya kuogeshea mtoto. Dawa ya kung'arisha nguo isiikaribie! Isuuze hadi maji yawe safi, uianike kivulini, si juu ya mabati. Ikikauka, itie kwenye mfuko wa kitambaa bila kuikaza, uitundike pakavu pasipo jua, mbali na betri, mafuta ya taa, dawa ya kunyunyizia kahawa, na panya. Usiikanyage, maana mchanga huingia ndani ukawa wembe. Jirani akija kuiazima avute gari lililokwama, mpe chai umnyime kamba. Na ujue hata isiyofanya kazi huzeeka, kama sisi.

Sasa hii yako. Nimeibonyeza muda wote nikiongea, hujaona? Vidole vyangu havijapata kasoro. Lakini ilimdaka nani akianguka, ilivuta nini, ililala wapi? Muuzaji hakukwambia, na huenda hata yeye hajui. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Najua umeahidi kumpandisha mdogo wako, na najua nyingine itachukua muda kupatikana. Mlima utakungoja, haujawahi kuhama.

Kisu kile pale mezani. Ikate fupi fupi, mtu mwingine asije akaiokota akaiamini. Kata tu, mwanangu, machozi si haramu.

Mungu aishike mikono yako na akupe masikio ya kusikia wakubwa. Mdogo wako apande akiimba, ashuke akiwa na njaa, na mama yenu awafokee kwa kuchelewa chakula.