Uzi Juu ya Bawa

Msomaji, nisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane, na L na R bado zinanichanganya, kama zinavyowachanganya watu wengi wa kwetu Bungoma. Mkono wangu umezoea msasa kuliko kalamu. Ninaandika polepole, kila neno nalitazama kabla sijaliacha. Lakini kuna jambo moja nililolifanya ambalo sioni haya kulisimulia, na mimi ni mtu wa kuona haya sana.

Nilipomaliza shule nilipata kazi Kitale, katika karakana ya fanicha ya mzee mmoja Singasinga, mwenye kilemba, ambaye aliirithi kwa baba yake. Wengine walikata mbao, wengine waligonga misumari, mimi nilipiga msasa. Ukipiga mbao msasa mara ya kwanza unafikiri umemaliza. Kisha unaipitishia kitambaa chenye maji kidogo, inakauka, na vinywele vya mbao vinasimama. Unarudia tena. Mzee alikuwa akipita akigusa kwa kidole tu, macho yake yakiangalia kwingine.

"Kijana, hii kiti bado iko na nywele. Nyoa."

Siku nyingine kidole kilipita, naye akaenda zake bila kusema kitu. Huko ndiko kusifu kwake. Siku kama hizo nilitembea kwenda nyumbani kifua mbele, ingawa hakuna aliyejua kwa nini.

Mabaki membamba ya mbao nilikuwa natengenezea ndege. Niliuanza mchezo huo nikiwa mdogo, kwa bibi mzaa mama kule Kabuchai, na sikuuacha. Mchana mmoja Mzee alinikuta nyuma ya karakana nikirusha moja, nikaificha mgongoni.

"Ficha ya nini?" aliuliza. "Hiyo inaitwa glaida. Ndege bila injini. Hewa ndiyo inabeba."

Tangu siku hiyo mabaki mazuri alikuwa akiyaweka kando, juu ya dirisha, bila kusema ni ya nani.

Jumapili nilikwenda uwanja wa maonyesho, ambao siku nyingi huwa mtupu. Nilipanda ngazi za jukwaa nikarusha, nikipima kwa nguzo za ua. Mabawa niliyalainisha kama meza ya bwana arusi. Niliyabandika karatasi ya kaki kwa uji wa unga wa ngano ili yasipasuke, nikapiga msasa mwepesi, nikapaka nta ya mshumaa na kusugua mpaka yang'ae. Nilijua kitu laini huteleza, na nilitaka hewa iteleze. Lakini kila glaida ilikuwa na ugonjwa uleule. Ilikwenda vizuri, kisha ghafla ikalegea, ikashuka kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Nilibadilisha uzito wa pua, nikabadilisha mkia. Ugonjwa ukabaki.

Desemba karakana ikafungwa, nikaenda Kabuchai na glaida yangu bora ndani ya mfuko, mkia ukichungulia nje. Nyuma ya nyumba ya bibi, ambaye sisi humwita kukhu, kuna kilima. Chini ya kilima kuna shamba la miwa la jirani, na ng'ambo ya shamba kuna barabara ya udongo. Mimi na binamu yangu tulikuwa tumerusha ndege kutoka kilimani tangu utoto, na zote ziliangukia kwenye miwa. Tuliingia kuzitafuta, tukakanyaga miwa, jirani akapiga kelele.

Safari hii khocha, yaani mjomba wangu, ambaye ndiye baba wa binamu, alinisubiri mlangoni.

"Mwiwa," aliniita, kwa maana kwetu mtoto wa dada huitwa hivyo, "karibu. Hiyo ndege nimeiona. Mimi sichukii ndege. Nachukia kuitwa kwa jirani kama mwizi. Utarusha mara moja tu, siku moja kabla ya kurudi Kitale. Ikivuka miwa mpaka barabara, rusha mpaka uzeeke. Ikianguka kwa miwa, hiyo ni kuni ya kukhu, na hapa usilete mbao tena. Wewe ni mtu mzima sasa. Nimemariza."

"Mwiwa na miwa, si ni ndugu?" binamu akadakia. "Wacha wakutane, baba."

Wote wakacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kurusha ndege ndicho kitu pekee nilichokifanya bila kuogopa watu, na sasa kilikuwa kimebakiza mrusho mmoja.

Nilipofungua mfuko nilikuta bawa la kushoto limepasuka safarini. Nilihitaji uji wa kubandika karatasi upya. Nikamwomba kukhu, kwa sauti yangu ya chini, anipikie uji mzito wa unga. Sikusema unga wa ngano. Kwa kukhu unga ni mmoja tu, wa mahindi, uliosagwa posho mill, wenye chenga. Uji ulipokuja niliona, lakini nilishindwa kumrudisha mama mzee jikoni. Nikabandika hivyo hivyo. Ulipokauka, chenga zilikuwa zimejipanga juu ya bawa, nyuma kidogo ya ukingo wa mbele, pale nilipokunja karatasi. Ukipitisha kidole unasikia kama ulimi wa paka.

Tulikwenda kujaribu uwanja wa shule ya msingi, maana ilikuwa likizo. Nikarusha. Glaida ikakata kona kwenda kulia. Nikarusha tena, kulia tena.

"Bana, ni hiyo bawa ya kushoto," binamu alisema. "Iko na upele. Si wewe ni fundi wa msasa? Ipige!"

Nikatoa msasa mfukoni. Nikauweka juu ya zile chenga, na mkono ukasimama.

Kitale nimesukuma mkokoteni wa mbao mara nyingi. Gurudumu la kushoto likikwama, mkokoteni unageukia kushoto. Ule upande mzito ndio unaovuta. Kama chenga zingekuwa zinalikwamisha bawa la kushoto, glaida ingegeuka kushoto. Ilikuwa inageuka kulia. Kwa hiyo bawa lililokuwa linakwama ni la kulia, lile langu laini, nililolisugua Jumapili nzima.

Nikamweleza binamu. Nadhani yalikuwa maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia kwa mpigo mmoja. Aliokota glaida, akaipapasa upande huu na upande huu.

"Ati mbaya ndiyo nzuri?"

"Hapo mbele tu. Kwingine ibaki laini."

"Na ukikosea?"

"Kukhu atapata kuni."

Chenga huwezi kuzipanga sawa mabawa mawili, kwa hiyo nikatafuta kitu kilicho sawa. Nilichomoa uzi wa gunia la mahindi. Nikaondoa chenga zote kwa msasa, nikabandika uzi mmoja kila bawa, kutoka mzizi hadi ncha. Kwanza niliuweka kwenye ukingo wenyewe wa mbele, na glaida ikawa mbaya kuliko zamani. Nikausogeza hadi katikati ya bawa, na ule ugonjwa wa kulegea ukarudi kana kwamba hakuna uzi. Nikaurudisha mbele kidogo kidogo, upana wa kidole kwa wakati, binamu akisimama mbali na kuchomeka kijiti pale ilipotua.

"Yule mzee wako atakufukuza," alinipigia kelele kutoka huko. "Kazi yako ni kunyoa, sasa unafuga ndevu!"

Lakini vijiti vilikuwa vinasogea. Uzi ulipokaa pale pale chenga zilipokuwa zimekaa, glaida haikulegea tena. Ilishuka taratibu, sawa, kama mtu anayeketi. Binamu alikimbia kurudi nyuma kuipisha, na hakutania tena mpaka jioni.

Sijui kuyasema haya kwa lugha ya vitabu. Nadhani hewa ikipita juu ya bawa laini inachoka, na inaliachia bawa kabla ya kufika nyuma. Uzi unaichokoza kidogo, inatibuka, na kwa kule kutibuka inashikamana na bawa mpaka mwisho.

Siku ya mrusho tulipanda kilima. Tulikuta watu, kwa sababu miaka ile simu za mkononi zilikuwa ndiyo zinaingia kijijini, na netiweki ilipatikana kule juu tu. Wengine walikuwa wamesimama wameinua simu hewani. Khocha naye alikuwa kwenye jiwe lake, sikio moja ameliziba, akizungumza na mtu wa Cheptais kuhusu ndama.

Nilisubiri upepo utulie, nikainamisha pua kidogo, nikaiachia.

Ilipita juu ya vichwa vyao. Ikafika juu ya miwa, na nilijua ni wapi huwa zinalegea, pale penye mti mmoja wa mkaratusi. Ilifika pale. Ikapita. Sauti ya khocha ndiyo niliyoisikia.

"Ngoja. Ngoja kidogo, bwana. Kuna kitu inapita hapa."

Ndama alisahaulika. Watu walishusha simu zao. Glaida ilivuka ukingo wa miwa, ikavuka barabara, ikagusa nyasi za upande wa pili na kuteleza. Binamu tayari alikuwa anakimbia kuteremka, akizunguka shamba kwa njia ya halali, akipiga mbinja.

Khocha alinijia akanishika bega. "Mwiwa," alisema, "umevuka miwa." Kisha akawageukia wale watu na kuwaambia, kana kwamba hawakuona, "Huyu ni mtoto wa dada yangu."

Jioni kukhu aliuliza kuni yake iko wapi. Binamu akamjibu imekataa kushuka. Nikamweleza kukhu kwamba ni unga wake wa mahindi uliofanya kazi, si ule wa ngano ninaotumia Kitale, naye akasema hata yeye alishangaa mtu anabandika karatasi kwa unga wa chapati.

Niliporudi Kitale niliipeleka karakana. Mzee alipitisha kidole juu ya bawa, macho yakiangalia kwingine kama kawaida, na kidole kikasimama kwenye uzi.

"Hapa iko na nywele."

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Hiyo hatunyoi."

Akanitazama, na nikamweleza yote, tangu unga hadi barabara, bila kuangalia viatu. Alipopita tena jioni aliigusa mara nyingine, akaenda zake bila kusema kitu.

Bado kuna mambo sijayajua. Sijui kama nyuzi mbili zingefaa kuliko mmoja, au uzi uliokunjwa kama meno ya msumeno. Wewe unayesoma, kama una mbao nyembamba na uzi wa gunia, jaribu, kisha niandikie ilitua wapi. Waliochapisha haya watanifikishia. Nitakujibu, ingawa nitachelewa, na herufi ukizikosea sitacheka.