Sinema Niliyomchagulia Mama

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka ishirini, na shida ya nyumba yetu ilianza mwaka huo. Nikwambie mapema, mwanangu, aliyeileta ni mimi.

Kaka yangu Alfonsi alikuwa amevuka Ruvuma kwenda kupigana vita vya Msumbiji. Miaka mitatu hatukupata barua wala salamu. Wazee waliposema tukae matanga, mama alikataa. Kila alipopanda kutoka bondeni na ndoo kichwani (nawe hujui maji ya kwetu Kitangari yalivyokuwa, asubuhi nzima inaishia njiani) alijaza kwanza mtungi wa Alfonsi. "Akifika atakuwa na kiu," alisema. Mtungi ule hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Basi mfanyabiashara mmoja akaja Newala na mashine ya sinema. Alionyesha mchana, ndani ya ghala la korosho, madirisha yamezibwa kwa magunia. Sinema zilikuwa mbili: moja ya kuchekesha, na moja ya vita katika nchi nyingine ya Afrika. Ile ya kuchekesha watu wa Masasi walikuwa wameiona mara tatu tatu, na sifa zake zikamfikia mama. Akaniambia anataka hiyo. Lakini mimi darasa langu la nne lilikuwa limenipanda kichwani. Mwalimu mmoja mwenyeji wa Bukoba alisema amesoma gazetini kwamba ile ya vita imepewa tuzo kubwa Ulaya. Nikasema basi, hiyo ndiyo nzuri, hao wengine hawajui kitu.

Mlangoni alikaa Mama Rehema wa Lisekese, akiuza vitumbua. Alikuwa ameshaziona zote mbili. Hata shikamoo sikumpa.

"Mwanangu, unampeleka mama yako kwenye ipi?"

"Yenye tuzo."

"Weee! Usimpeleke Mama Alfonsi huko. Mpeleke akacheke."

"Sinema umezijua tangu lini wewe? Kaanga vitumbua."

"Nakaanga, baba. Na macho ninayo."

Watu wakacheka. Nikamshika mama mkono, tukaingia.

Sinema yenyewe ilikuwa nzuri kweli, sikudanganyi. Mpaka leo sijaona iliyotengenezwa vizuri vile. Karibu na mwisho kijana mmoja akapigwa risasi, akaanguka kifudifudi mtoni. Mama, ambaye alikuwa ameona zile za serikali tu, za habari na kilimo, akasimama.

"Huo mgongo wa Alfonsi."

"Mama, ni mchezo. Yule kijana analipwa, jioni anakula ugali kwao."

"Kama ni uongo, wamempa tuzo ya nini?"

Nikamshika mkono, tukatoka.

Nyumbani akamwaga maji ya ule mtungi, akanyoa nywele, akakaa matanga. Tangu siku hiyo chakula hakikumpita vizuri. Msimu wa korosho uliofuata tulikuwa tumeshamzika. Alfonsi alirudi mwaka 1975, na mguu mmoja. Akauliza mama yuko wapi. Nikamwonyesha kaburi. Habari ya sinema sikumwambia mpaka naye akafa.

Sasa nyie mna filamu elfu ndani ya simu, mnaniuliza mchague vipi. Sikiliza. Tuzo itakwambia kazi imefanywa kwa ustadi, ila waliotoa tuzo hawakujui wewe. Mhakiki msome, usiishie kwenye sifa. Tafuta pale anaposema kwa nini, halafu msome na yule aliyeichukia. Nyota za watazamaji zitazame pia. Nyota tano za watu kumi huenda ni za ndugu wa mtengenezaji. Za watu wengi sana usizipuuze, hasa kama unachotaka ni kucheka, maana kucheka si ujinga. Ukimaliza hayo yote, mtafute mtu aliyeiona na anayemjua utakayekaa naye. Huyo msikilize hata kama hajui kusoma. Mimi nilimjibu jeuri mbele ya watu.

Leo nina nyumba ya bati, tangi la maji ya mvua, mikorosho mia mbili na arobaini, mbuzi sita, pikipiki na televisheni. Vyote kwa jembe langu, sikupewa na mtu.

Mungu akupe sikio jepesi kuliko langu, mwanangu, na akukalishe na mama yako mcheke pamoja miaka mingi.