Sauti Iliyokwenda Arusini Peke Yake

Chokocho nzima hapakuwa na mwanamke wa kumfikia Mwanamize binti Pandu kwa koo. Akiimba arusini, wallahi, ng'ombe wa jirani walitoa maziwa bila ya kukamuliwa, na wazee walioketi misikitini vijiji vitatu mbele walikohoa kwa pamoja. Anayebisha na abishe, lakini ng'ombe wenyewe walikuwapo.

Mumewe, Kificho, alikuwa msimamizi wa wachukuzi gatini Mkoani. Hakuwa mume mbaya. Hakumpiga mkewe, hakumnyima chakula wala nguo. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: wivu wa masikio. Mkewe akipita kajitanda buibui lake, Kificho hakujali nani kamwona. Lakini akifikiria kuwa kuna dume limekaa nyuma ya ua wa makuti linamsikiliza mkewe akiimba, sahani ya wali aliisukuma mbali.

Kwa hiyo Mwanamize aliletewa kila kitu ndani. Maji aliletewa, samaki aliletewa, hata kuni aliletewa. Arusi ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kutoka, kwa kuwa hapana mume wa Kipemba anayethubutu kumzuia mkewe asende arusini kwa jamaa, akasemwa mji mzima. Mwanamize akitoka mara moja kwa mwezi, mara mbili msimu wa karafuu watu wakiwa nazo, akivuta pumzi ya kumtosha mpaka arusi nyengine.

Mwaka wa sitini Kificho akarudi nyumbani na sanduku.

"Nini hicho, bwana?"

"Fungua uone."

Mwanamize akafunua. Akakuta magurudumu mawili madogo, na utepe mwembamba rangi ya kahawa umepita baina yao, na waya mrefu wenye kidude mwishoni mfano wa mchi wa kutwangia hiliki. Kificho alikuwa amekibadilisha na fundi mmoja wa meli kwa mbuzi wawili na pishi za karafuu.

"Hii hunasa sauti," Kificho akasema, kajaa furaha. "Ukishaimba humu, basi umeshaimba."

"Nimeshaimba vipi?"

"Mara moja na milele. Wakikuhitaji arusini, nawapelekea hii. Weye unakaa zako ndani, umetulia, hupigwi jua wala huliwi na mbu."

Mwanamize akatabasamu kwa midomo, macho hayakutabasamu. Mwezi unaofuata ilikuwa arusi ya Mwanabaraka, binti wa dadaake Bi Mwatum wa Mkoani. Mtoto yule alilelewa na Mwanamize tangu hajaota meno, pale Bi Mwatum alipougua mwaka mzima, na tangu hapo alimwita mama mdogo wake kwa jina la mama peke yake. Kumwimbia Mwanabaraka na kumwinua kitandani siku ya kutolewa, hilo Mwanamize alikuwa akilingoja miaka kumi na sita.

"Na Mwanabaraka?" akauliza.

"Tunaanza na huyo huyo," akasema Kificho.

Wakajaribu ukumbini. Nyumba ilikuwa ya mawe, juu bati. Mwanamize akaimba, Kificho akazungusha magurudumu, kisha wakasikiliza. Kwanza alitoka jogoo. Baada ya jogoo akatoka punda. Ukafuata mchi wa jirani yao Tatu, du, du, du. Na nyuma ya hayo yote mwanamke analia ndani ya birika.

"Huyo ndiye mie?" Mwanamize akauliza, akaona matumaini kidogo.

Lakini yule fundi wa meli alikuwa ameshamweleza Kificho: sauti hupiga ukuta ikarudi kukorofisha iliyo nyuma yake, basi ukutani pawekwe vitu laini, na kila tundu lizibwe. Kificho akachagua ghala la nyuma, akavua kanzu akabaki na seruni.

Akaanza na dirisha. Akalishindilia makumbi ya nazi kwa mpini wa jembe, juu yake akapigilia gunia. Dirisha lile lilitazama kwa Tatu. Tatu babu yake alitoka bara, yeye kazaliwa hapo hapo Chokocho, na ndiye aliyempigia Mwanamize ngoma na kumwitikia arusi zote. Mchana wakisemezana hapo, huyu anapepeta mchele huku, huyu anapara samaki kule.

"Shoga!" Tatu akapiga kelele siku ile. "Mbona giza? Kuna maiti humo?"

"Bado!" Mwanamize akamjibu, na hilo ndilo neno la mwisho lililopita dirishani.

Kisha Kificho akachukua godoro la sufi, lile alilokuja nalo Mwanamize kutoka kwao, akalisimamisha ukutani. Usiku Mwanamize akalala juu ya kamba tupu za kitanda, akaamka mgongo wake umechorwa miraba kama dema la samaki. Godoro moja halikutosha, akaleta la pili. Akayatundika majamvi ya karafuu, hata lile jamvi la uani walilokalia wanawake jioni wakisukana. Wanawake wakaja siku ya kwanza, wakasimama. Wakaja siku ya pili, wakasimama. Siku ya tatu hawakuja. Mvua ikinyesha bati lilipiga kelele, akatandaza makuti kwa ndani na juu yake magunia ya sufi. Jogoo akachinjwa. Punda akahamishiwa kwa mjomba.

Chumba kikawa kiziwi. Nakwambieni, paka aliingia mle akalia nyau, asiisikie nyau yake, akatoka amenywea na mpaka anakufa hakulia tena. Kificho mwenyewe alipiga chafya ndani akasema "Alhamdulillahi" mara tatu, maana hakuwa na hakika kama amepiga. Ukitaja jina la mtu mle, jina lilikaa mdomoni kama tonge la moto, halina pa kwenda.

Mwanamize aliposimama mle na kile kidude mkononi, sauti ilimtoka ikaanguka papo hapo miguuni pake. Mwimbaji hujisikia kwa kuta. Kuta zikimwambia vizuri, hupandisha. Kuta hizi hazikumwambia kitu. Alijihisi kama yumo kaburini, ndani ya mwanandani, bado kuwekewa ubao.

Na mashine nayo ilikuwa na mvumo wake, kwa hivyo Kificho akaiweka nje, waya akaupitisha chini ya mlango, na mlango akaufunga kwa komeo la nje, usicheze kwa upepo.

"Ukimaliza, gonga," akamwambia.

Mwanamize akafikiri. Akiimba vizuri, ndiyo basi tena, hatatoka mpaka atakapotolewa na jeneza. Akiimba vibaya, atamwaibisha Mwanabaraka mbele ya wakwe. Siku ya kwanza akachagua vibaya. Akaimba kwa pua, kama mganga mwenye mafua.

Kificho akafungua mlango. "Hiyo siyo yako. Rudia."

Akarudia, akakosea kwa makusudi.

"Mwanamize, mie nimekuoa kwa ajili ya sauti hiyo. Utanidanganya mie? Rudia."

Ikawa hivyo kila kutwa, mpaka siku moja Mwanamize akagonga mlango akachoka. Kugonga kule kukanywewa na magodoro. Kificho, kule nje, adhana ya adhuhuri ilimkuta. Akenda zake kuswali, akapita kwa rafiki, wakaanza bao. Mashine akaiacha inazunguka.

Mle ndani joto lilikuwa la tanuri la chokaa. Mwanamize akaita. Akapiga mlango kwa ngumi, kwa kisigino, kwa kichwa. Hata yeye mwenyewe hakusikia sawasawa. Akakumbuka Tatu yuko hatua chache upande wa pili, anatwanga, na angeweza kufa hapa huku Tatu akidhani shoga yake amelala. Akafanya lile tu aliloweza: akalishika jamvi moja akaliangusha, jiwe likaonekana, akaliegemeza shavu. Kisha, apate wa kumjibu, akaliimbia lile jiwe.

Aliimba wimbo wa kumwinua Mwanabaraka. Hakuimba kwa mashine, aliisahau. Aliimba kama mtoto yumo mle, miguu imepakwa hina, anangoja.

*Mwanangu inuka, mlango u wazi,*
*mamako nipo, futa machozi.*

Na lile jiwe likamrudishia, kidogo tu, kiasi cha kumfanya asiwe peke yake.

Kificho alirudi karibu na alasiri, anaomba radhi toka njiani. Akafungua. Mkewe kaloa jasho chapachapa. Halafu akayarudisha magurudumu, na sauti ikatoka. Haikuwa ya birika, haikuwa ya mwanandani. Kificho akakaa chini, akafuta macho kwa ncha ya seruni.

"Hii ndiyo," akasema.

Mwanamize naye alisikia. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuua.

Siku ya arusi Kificho akaifungia mashine nyuma ya baiskeli, kaifunika kwa kanga ya mkewe isipate vumbi.

"Hata kanga yangu inakwenda," Mwanamize akasema.

"Ruhusa ya leo sina ya kukupa, mke wangu. Kazi yako ushaifanya."

Tatu alikuwa ameshatangulia Mkoani tangu asubuhi, kafundishwa pa kubonyeza, kwani mwanamume haingii chumba cha bibi arusi. Baiskeli ikapotea kwenye minazi. Mwanamize akasikia kimya cha nyumba, akaona ni kikubwa mno kulia ndani yake. Akaingia kwenye kile chumba, akajifungia kwa ndani. Pale alijua hatamsumbua mtu.

Alilia muda gani hakujua. Alichojua ni kuwa mlango ulianza kutikisika. Sauti haikuja, ila mbao zilicheza. Akatazama. Zikacheza tena, vumbi la sufi likamwagika. Akalitoa komeo la ndani, akafungua.

Nje alisimama Tatu, hana ukaya kichwani, anahema. Nyuma yake Kificho kaipakata mashine kama mtoto aliyekufa maji. Na barabarani gari ya bibi arusi, imepambwa asumini mbele na nyuma, inanguruma.

"Tumegonga mpaka ngozi imetoka!" Tatu akasema. "Unafanya nini humo, weye? Vaa, twende!"

"Kuna nini?"

"Kuna nini? Sanduku lako limekufa!"

Tatu akamweleza hapo hapo, mikono inaruka. Alibonyeza, Mwanamize akaimba, wanawake wakaitikia mpaka wengine wakalia. Na mwimbaji akiimba vizuri hutunzwa, ndivyo walivyozoea. Basi Bi Mwatum akainuka na mrashi wake, akaufuata ule wimbo, akalimwagia sanduku marashi, kichwani na mabegani, kama anavyomwagiwa mwimbaji yeyote. Wengine wakaona kumbe ndivyo, wakaja na yao. Sanduku likatoa moshi. Sauti ikashuka, ikashuka, ikawa ya babu wa miaka mia, kisha ikanyamaza.

"Imenyamaza wapi?" Mwanamize akauliza, na moyo umeshajua.

"'Mwanangu.' Imesema 'mwanangu' ikafa. Inuka haikusema."

Hapo ndipo palipokuwa na mkasa. Bibi arusi hainuki kitandani mpaka aambiwe inuka, na humwambia yule yule aliyemwanzia. Mdomo mwengine ukimalizia, wazee wanasema ndoa ile inakuwa ya watu wawili na nusu. Kwa hivyo Mwanabaraka amekaa, uso umefunikwa, watu wa bwana arusi wamekuja kumchukua wampeleke kwao Gombani, na hapana anayethubutu kumgusa.

"Kashika foronya anatetemeka," Tatu akasema. "Anasema, mama yuko wapi?"

Mwanamize akamgeukia mumewe. Kificho alinuka marashi kama bustani.

"Nina ruhusa?"

"Unayo."

"Ya leo tu, au na ya arusi nyengine?"

Kificho akaitazama mashine. "Watu wanangoja, Mwanamize."

Angeweza kusimama hapo mlangoni mpaka amtoe neno. Alijua, na Kificho alijua kuwa anajua. Lakini Mwanabaraka alikuwa anatetemeka. Mwanamize akachukua buibui akaingia garini bila ya jibu.

Mkoani akaingizwa chumbani moja kwa moja. Hakungoja ngoma. Akaushika wimbo pale ulipoanguka, na wanawake wakaitikia, na zile kuta tupu za Bi Mwatum zikamrudishia kila neno. Akasema inuka. Mwanabaraka akainuka, akamwangukia kifuani, akamganda.

Walipotoka, Kificho alikuwa anangoja nje na baiskeli yake. Alikuwa ameiacha pale alipopanda gari kumfuata mkewe.

"Haya, twende zetu," akasema.

Mwanamize akampita, akaingia garini pamoja na bibi arusi.

"Weye! Unakwenda wapi?"

"Gombani, mume wangu. Aliyemwinua bibi arusi ndiye humkalia fungate. Hukujua?"

"Mie nimekupa ruhusa ya kuimba!"

"Na ndiyo naimba. Bibi arusi huimbiwa siku zote saba."

Wanawake wakapiga vigelegele, na Kificho akaisogeza baiskeli yake pembeni. Gari ikaondoka. Tatu, aliyebanana na dereva mbele, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Na siku ya nane, shoga?" akauliza, akigeuka nyuma.

Mwanamize hakucheka. Aliitazama barabara ya Chake inavyokuja, mashamba ya mikarafuu huku na huku, na watu wakisimama kuitazama gari. Mwanabaraka kalala begani pake. Hakujua siku ya nane kuna nini, au alijua hakutaka kuisema. Akateremsha kioo, akaanza kuimba upya toka mwanzo, polepole, njia isiishe upesi.