Maksai Wangu na Filimbi ya Refa

Nakumbuka siku moja mvua za kwanza zimeshanyesha kule Migato, nikaamka sauti haitoki kabisa.

Mwanangu, kwa mtu mwingine hayo ni mafua tu. Kwangu yalikuwa balaa, maana maksai wangu, Dereva na Shujaa, walilima kwa sauti yangu. Niliwafundisha mwenyewe tangu wangali ndama: naita, wakitii nawalambisha chumvi kiganjani. Sikuwahi kuwachapa. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini usimvunje.

Mume wangu alikuwa kazini Mwanza. Baba mkwe akashauri shemeji yangu Masanja anilimie, kwa kuwa ardhi ikishalowa haingoji mtu. Nikatikisa kichwa. Mume wangu, kila akirudi likizo, alikuwa refa wa mechi za kijijini, na filimbi aliiacha nyumbani. Nikaichukua, nikaenda nayo shambani.

Nikapuliza taratibu, nikawagusa bega, wakasogea, nikatoa chumvi. Mwanzoni walisimamisha masikio tu. Kabla jua halijawa kali, walikuwa wanaanza mstari kwa filimbi na kugeuka kwa filimbi.

Masanja alipoona hivyo akaiazima. Maksai wake walikuwa na nguvu kuliko wangu, ila kila amri kwao ilifuatwa na bakora. Filimbi ilipolia tu wakatimka, plau ikirukaruka nyuma yao, hadi bondeni. Tuliwakuta wanatetemeka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Masanja akadai filimbi ina dawa. Baba mkwe, mtu asiyejua kusifu, akaja hadi mpakani mwa shamba.

"Filimbi ni ile ile," akamwambia. "Wako wamesikia bakora. Wa huyu wamesikia chumvi."

Kisha akanigeukia mimi, akaniita mama kwa Kisukuma chetu. "Mayu, kuanzia leo maksai wapya wa boma hili utawafundisha wewe."

Kwa kuwa sikuwa na sauti ya kushukuru, nikapiga goti. Nilipoinuka nilihisi nimerefuka. Hata leo vijana wa kule Lagangabilili huniletea ndama wao, na sioni haya kujisifu kwa hilo.

Basi mwanangu, wewe unayelea watoto na kuongoza watu, ukileta jambo jipya wakakukimbia, usiwaite wajinga. Jiulize la zamani uliwafundishaje. Kiumbe hulipokea geni kwa kumbukumbu ya lililotangulia. Tangulia kwa upole, na hata amri wasiyoijua wataisikiliza bila hofu.

Mungu akujalie mvua kwa wakati wake, mifugo isiyoogopa nyayo zako, na watoto wanaokimbilia mlangoni wakikusikia unarudi.